Kutoka Mgongoni mwa Kondoo Hadi Kwenye Sindano: Kuosha, Kutia Rangi na Kusokota Sufu Nyumbani

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza kazi hii huanza na swali la rangi. Wanataka kujua ule waridi nimeutoa wapi, na ile manjano nimeipikaje. Nawaelewa, maana rangi ndiyo inayoonekana. Lakini sufu iliyooshwa vibaya haishiki rangi sawasawa, haivutiki vidoleni, na uzi wake unakatika hata mkono wako uwe mzoefu namna gani. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye beseni la kwanza kabla ya kufika kwenye sufuria ya rangi.

Naandika nikiwa Nyandarua, nyanda za juu za Kenya, ambako usiku wa Julai unadai blanketi mbili na kondoo wa sufu wamefugwa tangu zama za walowezi. Vipimo vyote nilivyoandika ni vya sufu ya huku na maji ya huku. Ukiwa mahali pengine utabadilisha kidogo, nami nitakuonyesha wapi.

Kutafuta sufu yenyewe

Si kila kondoo ana sufu. Kondoo mwekundu wa Kimasai na Dorper ni wanyama wazuri wa nyama, lakini miili yao ina nywele fupi zisizosokoteka. Unaotafuta ni Merino, Corriedale, Romney Marsh, Hampshire, au machotara wao. Anayeanza namshauri Corriedale bila kusita. Ni kondoo aliyepatikana New Zealand katika karne ya 19 kwa kupandisha Merino na Lincoln, na sufu yake kwa kawaida hufikia urefu wa sentimita 9 hadi 15, ina mawimbi yanayoonekana kwa macho, na haitelezi. Merino ni laini zaidi, ila ina mafuta mengi na inagandana upesi. Iache kwa mwaka wako wa pili. Hampshire ni fupi na inajaa mkononi kama sponji. Inafaa soksi.

Zungumza na mfugaji kabla ya siku ya kunyoa. Mzee mmoja wa huku aliwahi kuniambia, "Mama, hayo sisi huwa tunachoma," nami nikaondoka kwake na magunia mawili. Muulize mambo matatu. Kondoo walinyolewa mara ya mwisho lini? Mwaka mmoja ni muda mzuri. Waliogeshwa dawa ya kupe lini? Kama ni majuzi, subiri au vaa glavu wakati wote wa kuosha, maana dawa hiyo hukaa kwenye mafuta ya sufu. Na je, kuna aliyeugua au kukosa malisho wakati wa kiangazi?

Swali la mwisho unaweza kulijibu mwenyewe. Chomoa kishungi kimoja cha sufu, kishike ncha zote mbili kwa vidole, kisogeze karibu na sikio, kisha kivute ghafla. Sufu nzima hutoa mlio mfupi kama wa uzi wa gitaa. Sufu dhaifu husikika ikichanika kama karatasi laini, na ukitazama utaona imekatika mahali pamoja. Hapo ndipo mnyama alipopata shida: homa, njaa, uzazi mgumu. Usiinunue hata kwa bei ya bure, kwani itakatika vivyo hivyo kwenye vitana na kwenye uzi.

Tandaza sufu juani juu ya turubai, upande uliokuwa mwilini ukiwa chini. Ondoa ya tumboni, ya miguuni na ya karibu na mkia. Hiyo ina kinyesi kilichokauka na haifai muda wako. Kisha ondoa takataka za mimea. Huku kwetu adui mkubwa ni kishona nguo, zile mbegu nyeusi zenye meno mawili au matatu zinazoganda kwenye sketi ukipita shambani. Zitoe moja moja sasa. Kuosha hakuziondoi, na mbegu moja ikibaki ndani ya uzi itamchoma shingoni atakayevaa skafu yako.

Kuosha: hapa ndipo uzi unapotengenezwa

Sufu mbichi imebeba vitu vitatu: vumbi, jasho lililokauka na mafuta. Vumbi na jasho hutoka kwa maji ya baridi. Mafuta hayatoki hivyo. Ni mazito, huanza kuyeyuka maji yakifika karibu nyuzijoto 40, na ili yaachane kabisa na sufu unahitaji maji ya karibu nyuzi 60. Kosa la kawaida ni kuyeyusha mafuta vizuri, kisha kuyaacha maji yapoe sufu ikiwa bado ndani. Mafuta yanarudi, safari hii yakiwa yamechanganyika na uchafu, na kuyatoa mara ya pili ni kazi ngumu zaidi.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililoniumiza. Kila unyuzi wa sufu umefunikwa na magamba madogo, mfano wa samaki. Ukiupa joto la ghafla au baridi ya ghafla, huku unaufikicha, magamba hayo hushikana na hayaachani tena. Sufu inakuwa kitambaa kizito. Sufu yangu ya kwanza kabisa, kilo nzima iliyokuwa nyeupe kama tui, niliitoa kwenye maji ya moto nikaitia moja kwa moja chini ya bomba la baridi, nikaikamua kama ninavyokamua shuka. Ndani ya dakika mbili ilikuwa donge gumu nisiloweza kulipenya kwa kidole. Nililia. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni hii: joto peke yake sawa, mwendo peke yake sawa, lakini joto na mwendo pamoja kamwe. Na kutoka beseni moja hadi jingine, maji yawe na joto linalokaribiana.

Anza kwa kuloweka sufu kwenye maji ya baridi usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa ya kahawia. Yamwage kwenye sukuma wiki au chini ya miti. Jasho la kondoo lina potasiamu nyingi na mboga huyafurahia.

Sasa tayarisha maji ya moto. Kama huna kipimajoto, tumia hesabu ya sufuria: vipimo vitatu vya maji yanayochemka kwa vipimo viwili vya maji ya bomba. Hapa kwetu, mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na ya bomba asubuhi ni ya baridi sana, kwa hiyo mchanganyiko huo unaangukia karibu na 60. Pwani maji huchemka kwenye 100 na ya bomba ni ya uvuguvugu, basi huko nusu kwa nusu itatosha. Mkono hauwezi kukaa ndani ya maji ya nyuzi 60. Ukiweza kuuacha ukahesabu hadi tano, maji hayajafika.

Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko vitatu vya chakula kwa lita kumi. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia nguo. Nyingi zina magadi, na baadhi zina vimeng'enya vya kula protini, na sufu ni protini kama nywele zako. Dawa ya kutia weupe yenye klorini usiikaribishe kabisa, maana inaiyeyusha sufu kabisa.

Weka sufu, si zaidi ya gramu 500 kwa beseni la lita kumi na tano, kwenye mfuko wa wavu. Ule wa vitunguu unafaa. Isukume chini kwa mwiko hadi ilowe, kisha iache. Usikoroge. Baada ya dakika 15 hadi 20, maji yakiwa bado ya moto, inua mfuko, uache uchuruzike, uutie kwenye beseni la pili la maji ya moto na sabuni nusu ya mwanzo. Halafu mabeseni mawili ya kusuuza, kila moja likipungua joto kidogo. Mwishowe shika kishungi kati ya vidole. Kikinata, rudia. Kikiwa kama nywele zilizooshwa vizuri, umemaliza. Mimi huacha mafuta kidogo sana kama sufu ni ya kusokotwa bila rangi, kwa sababu yanaufanya uzi uteleze vidoleni. Ya kutiwa rangi naisafisha kabisa.

Kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, tandaza kivulini kwenye wavu au kwenye kitanda cha kamba, na uigeuze mara mbili kwa siku. Ikikauka ipime. Itakuwa imepoteza theluthi moja hadi nusu ya uzito wake, kwa hiyo usishtuke kilo yako ikirudi gramu 550. Andika uzito huo kwenye daftari. Rangi yote itapigiwa hesabu kutoka hapo.

Shabu, inayoishikiza rangi

Wengine hutia rangi uzi uliokwisha kusokotwa. Mimi hutia rangi sufu yenyewe kabla ya kusokota, na ndivyo ninavyomshauri anayeanza, kwa sababu mabaka yote ya sufuria yatamalizwa na vitana. Uzi ukipata baka, baka hilo linabaki hadi kwenye sweta.

Rangi nyingi za mimea hazishikani na sufu peke yake. Zinahitaji madini ya kuziunganisha, na yaliyo salama na rahisi kupata ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka kidevuni na ambalo watu hulitumia kutulizia maji ya mto. Chukua gramu 12 za shabu iliyosagwa kwa kila gramu 100 za sufu kavu. Usizidishe ukidhani rangi itakolea, kwani shabu ikizidi sufu inanata na kukakamaa.

Yeyusha shabu kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina kwenye sufuria kubwa yenye maji ya uvuguvugu, kisha tia sufu uliyoilowesha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu vilevile. Washa moto mdogo. Joto lipande polepole, kwa muda wa saa nzima, hadi kufikia nyuzi 80 au 85. Utaona mvuke unatoka na viputo vidogo vinang'ang'ania ukingo wa sufuria, lakini maji hayajaanza kuruka. Huku milimani kuwa macho, maana kutoka hapo hadi kuchemka ni hatua fupi. Lishikilie joto hilo kwa dakika 45, zima moto, uache sufu ipoe humo humo hadi kesho.

Kuhusu sufuria: ya chuma cha pua au ya bati lenye enameli isiyobanduka ndiyo bora. Sufuria yetu ya kawaida ya alumini inafaa pia, ila rangi inaweza kubadilika kidogo. Chungu cha chuma hufifisha rangi zote ziwe za majivu. Lolote utakalolichagua, lisirudi tena jikoni kupikia chakula, na mwiko wake vivyo hivyo. Pika rangi nje au penye dirisha wazi.

Rangi za kuanzia

Maganda ya vitunguu. Anza nayo, tafadhali. Muuza mboga sokoni atakupa gunia zima ukimsaidia kufagia kibanda. Kwa gramu 100 za sufu tumia gramu 100 za maganda makavu ya kahawia. Chemsha kwa saa moja, chuja kwa kitambaa, acha maji yapoe hadi uvuguvugu, ndipo uingize sufu yenye shabu ikiwa imelowa. Pandisha joto polepole kama mwanzo, shikilia saa moja, acha ipoe. Unapata rangi kati ya dhahabu na chungwa iliyoiva, nayo haikuangushi mara ya kwanza. Maganda ya vitunguu vyekundu hutoa kahawia inayoelekea kijani.

Mubangi. Ni lile gugu la mashambani lenye harufu kali linaloacha mikono ikinuka siku nzima. Wakikuyu ndivyo wanavyoliita. Kata vichwa na majani yake linapochanua, gramu 200 mbichi kwa gramu 100 za sufu. Manjano yake ni safi sana. Nakumbuka jirani yangu akinitazama nikiling'oa kwa furaha shambani kwake, akadhani nimekuja kumsaidia kupalilia. Kwa kweli nilimsaidia.

Kokwa za parachichi hutoa waridi iliyopauka, kama rangi ya udongo uliolowa. Zikate vipande, zipike kwa moto mdogo sana; zikichemka kwa nguvu waridi inageuka kahawia. Magome ya muwati, mti uliopandwa huku kwa ajili ya viwanda vya ngozi, hutoa kahawia ya kina, na kwa kuwa magome yamejaa tanini, dutu chungu ya mimea inayoshikiza rangi, unaweza hata kuacha shabu.

Usinitafute kwa biringani, bitiruti wala maua ya rosela. Yanapendeza ndani ya sufuria, halafu yanapauka baada ya kufuliwa mara chache au kukaa juani. Bizari ya manjano nayo inang'aa sana siku ya kwanza, lakini jua huila. Mtu akikuuzia uzi wa bitiruti, hakukudanganya kwa makusudi; bado hajauweka dirishani. Jaribio ni rahisi: funika nusu ya kipande cha uzi kwa karatasi ngumu, kiweke dirishani wiki mbili, kisha linganisha.

Ukitaka rangi zizidi kuwa nzito, tia misumari yenye kutu kwenye mtungi wa siki kwa wiki moja au mbili. Kijiko kimoja au viwili vya maji hayo kwenye sufuria, sufu ikiwa imetolewa kwanza, huifanya dhahabu ya vitunguu kuwa kijani cha zeituni. Rudisha sufu kwa dakika kumi tu. Chuma kikizidi, sufu hukakamaa na kudhoofika.

Na sasa ule waridi ambao kila mtu huniuliza. Ukishuka Laikipia utaona dungusi, ile mimea ya jamii ya kaktasi yenye miiba, imeteka malisho ekari kwa ekari. Ili kuipunguza, kidudu kidogo kiitwacho koshinili kililetwa na kuachiliwa huko katika miaka ya 2010. Kinakaa kwenye jani la dungusi kikiwa kimejifunika unga mweupe kama pamba. Ukikiponda kwa ukucha, kidole chote kinakuwa chekundu. Ni ndugu wa koshinili wa Peru na Meksiko, aliyetoa rangi ya mavazi ya wafalme na maaskofu kwa karne nyingi. Huyu wa Laikipia ni wa aina nyingine, mdogo zaidi na mwenye rangi kidogo zaidi, lakini anayo.

Ninavyofanya: nakwangua vidudu kwa kijiko, navianika, navisaga. Kwa gramu 100 za sufu huchukua gramu 40 za vidudu vikavu. Navipika kwa nusu saa, nachuja kwa kitambaa kizito mara tatu kwa sababu ile nta nyeupe huziba kila kitu, kisha navipika tena na kuchanganya maji yote. Sufu yenye shabu inatoka waridi iliyokolea. Matone ya ndimu kwenye sufuria huivuta kuelekea wekundu. Chembe ya magadi kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia huipeleka zambarau, chembe tu, kwa kuwa magadi na sufu si marafiki. Naomba jambo moja: vikaushe vikiwa huko huko, wala usibebe vidudu hai kuvipeleka kwingine. Wapo watu wanaotegemea dungusi kama ua wa boma au kwa matunda yake, na kidudu hiki huenda kikaishambulia pia.

Tia rangi sufu yote ya kazi moja kwa siku moja. Rangi ya mimea haijirudii. Maganda ya mwezi ujao yametoka shamba jingine, na mkono wa pili wa sweta utakusaliti.

Kuchana

Unahitaji vitana viwili vya waya, vya mikono. Mafundi wengine huvitengeneza kwa kupigilia vipande vya brashi za mbwa kwenye mbao, navyo vinafanya kazi. Paka sufu kidogo kwenye kitana cha kushoto, kiasi cha kuona meno kupitia sufu. Pitisha cha kulia juu yake kwa wepesi, mara tatu au nne, bila meno kugongana. Ukisikia waya zikikwaruzana unabonyeza sana. Hamisha, rudia, kisha ikunje sufu itoke kama kibunda kilicholegea, kama chapati iliyoviringwa.

Hapa ndipo mabaka yanapotoweka. Na hapa ndipo unapoweza kuchanganya: sehemu mbili za mubangi na sehemu moja ya koshinili hutoa rangi ya machungwa yenye uhai ambayo sufuria moja haiwezi kuitoa, kwa sababu ukisogea karibu unaziona nyuzi za manjano na za waridi zikiwa bega kwa bega.

Kusokota

Nyanya yangu alisokota nyuzi za kiondo kwenye paja. Alikaa kwenye kigoda, akalaza nyuzi mbili kavu juu ya ngozi, akazisukuma kwa kiganja kuelekea goti, akazirudisha, na kamba ikazaliwa pale pale. Kama umewahi kuona hivyo, tayari unajua siri yote ya kusokota: kuvuta nyuzi kidogo kidogo na kuzizungusha zishikane. Jaribu kwanza kwa vidole. Shika kibunda kwa mkono mmoja, vuta nyuzi chache kwa mwingine, zizungushe upande mmoja tu. Uzi huo mdogo jaribu kuukata. Haukatiki kirahisi.

Kijiti cha kusokotea unaweza kukitengeneza leo. Chukua kijiti kilichonyooka cha sentimita 28 hivi, unene wa penseli. Karibu na ncha ya chini chomeka kitu cha duara chenye uzito: kisahani cha mbao, sidi mbili za zamani zilizobandikwa pamoja, au hata kipande cha kiazi kilichokatwa duara. Sisi ni watu wa viazi huku, na wanafunzi wangu wote huanza na kiazi. Uzito wote uwe kati ya gramu 40 na 60. Juu weka ndoano ndogo ya waya.

Funga kijiti uzi wa kuanzia wa nusu mita, upitishe kwenye ndoano. Ncha yake ichanganye na nyuzi za kibunda chako. Sasa usiruhusu kijiti kining'inie, hilo baadaye. Kizungushe kwa mwelekeo wa saa hadi uzi ujae msokoto, kisha kibane katikati ya magoti. Mkono wa chini unabana uzi ili msokoto usipande. Mkono wa juu unavuta sufu nyuma taratibu, mikono ikiachana kwa urefu wa nyuzi zako, sentimita kumi hivi. Mikono ikikaribiana zaidi ya hapo sufu haivutiki, ikiachana zaidi inakatika. Umevuta? Achia kwa mkono wa chini, uone msokoto ukipanda juu kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Bana tena, vuta tena. Msokoto ukiisha, zungusha kijiti upya. Uzi ukifika urefu wa mkono, uvingirishe kwenye kijiti, uache kipande cha kurudi kwenye ndoano.

Siku tatu za kwanza uzi wako utakuwa na vinundu hapa na wembamba pale. Usiutupe, pika chai na ukae nao. Uzi ukikatika na ncha ikafunguka kuwa manyoya, msokoto ulikuwa mdogo. Ukijikunja kama mkia wa nguruwe kila ukiulegeza, msokoto umezidi. Vinundu hutokana na mkono wa chini kuachia kabla hujamaliza kuvuta: msokoto ukishaingia kwenye sufu nene, hakuna nguvu itakayoivuta. Ukiyajua hayo matatu unaweza kujirekebisha bila mwalimu.

Kuunganisha nyuzi mbili

Uzi mmoja peke yake hupinda kitambaa upande. Jaza vijiti viwili, viache usiku mmoja vitulie, kisha vingirisha kila uzi kuwa donge. Weka kila donge kwenye kikombe chake ili yasikimbie chumbani, shika ncha zote mbili pamoja, na uzungushe kijiti upande wa kinyume na saa. Huo ukinyume ndio unaoupa uzi utulivu: msokoto wa kwanza unataka kufunguka, wa pili unauzuia, na wote wawili wanaridhiana.

Ukimaliza, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba ya pamba bila kukaza, uondoe. Uning'inize kicha hicho. Kikitulia kama herufi U, umepata uwiano. Kikijikunja mara nyingi, kipitishe tena kwenye kijiti upande unaokipunguzia msokoto. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, kikamue ndani ya taulo, kikung'ute kwa nguvu kati ya mikono miwili mara tano, kisha kianike kivulini bila kukifungia uzito.

Kuupima uzi na kuanza kufuma

Vingirisha uzi kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, uhesabu mizunguko ndani ya sentimita 2.5. Ukipata 10 hadi 12, anza na sindano za milimita 4 au 4.5. Ukipata 7 au 8, chukua 5.5 au 6. Halafu fuma kipande cha vitanzi 24 kwa safu 24, kioshe, kikauke, ndipo upime. Uzi wa mkono hubadilika ukioshwa kuliko wa dukani, na asiyeosha kipande cha majaribio ataosha sweta nzima ajute.

Tuseme umepata vitanzi 20 ndani ya sentimita 10. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 55 hivi, na kofia inapaswa kuwa ndogo kidogo ili ishike, tuseme 50. Hiyo ni vitanzi 100. Kofia moja itakula gramu 70 hadi 90, skafu 150 hadi 200, sweta ya mtu mzima gramu 600 na zaidi. Anza na kofia. Tumia nyuzi za vitunguu kwa ukingo na za koshinili kwa mwili, na ule uzi wako wa siku tatu za kwanza, wenye vinundu, uufumie kishada cha juu.